Filamu ya Baba na Usiku wa Ijumaa

"Hii si filamu yako?"

Dada mmoja wa tamasha la filamu alinisogezea simu yake usoni, pale pale mlangoni mwa sinema, huko Ulaya.

Nikaangalia.

Kitambaa cheupe kimetundikwa. Nyuma yake ukuta wa kijani wa ukumbi wa kijiji chetu. Visogo vya watu, na karibu vyote navijua... Juu ya kitambaa, Baba yangu anapanda mnazi.

Filamu yangu!!

Filamu iliyotakiwa kuonekana kwa mara ya kwanza duniani saa tano asubuhi ile, ndani ya ukumbi ule niliosimama mlangoni mwake. Wakati huo ilikuwa saa nne na robo.

"Imerushwa laivu jana," akasema. "Yote, dakika kumi na nne. Na wametutaja sisi wenyewe kwenye maelezo."

"Jana?"

"Jana. Alhamisi."

Wadau, najua mnasubiri niseme nilizimia au nilipiga kelele. Hapana. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vya kahawia, kimoja kamba imelegea. Nikawaza, huyu atajikwaa.

Basi. Hicho ndicho nilichowaza.

"Ambar, unanisikia? Sharti la tamasha unalijua. Tumekutoa kwenye mashindano. Samahani sana."

"Sawa," nikasema.

Sawa! Kama mtu aliyeambiwa chai imeisha.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili twende pamoja.

Naitwa Ambar, nina miaka ishirini na nane, kwetu ni kijiji kimoja cha wagema huku Purbalingga, kisiwani Java, Indonesia. Asubuhi na jioni wanaume wanapanda minazi, wanawake wanachemsha ule utomvu mpaka unakuwa sukari. Baba alifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Mimi nikaenda Yogyakarta kusoma, nikajifunza kutengeneza filamu fupi, likizo moja nikarudi na kamera nikamfuata Baba siku tisa.

Wiki tano baadaye alianguka.

Kutoka mnazi ule ule aliokuwa akiupanda kila siku. Nilikwenda mazikoni, nikapeana mikono na watu, nikala nilichopewa. Machozi hayakuja. Nikajiambia yatakuja nikimaliza kuihariri filamu. Nikamaliza kuihariri, bado hayakuja.

Sasa, kwa msiojua mambo haya. Filamu ndefu ina mabango, ina sinema, ina tiketi. Filamu fupi ni yatima. Njia yake ni tamasha. Likikuchukua tamasha kubwa, wasambazaji wanakuona, wanaipeleka kwenye televisheni na sinema za nchi nyingine, inatembea. Lisipokuchukua, inakaa kwenye diski yako mpaka diski inakufa.

Na haya matamasha makubwa yanataka filamu ambayo haijaonekana popote. Sisi wenyewe tunaiita mwali. Inafungiwa ndani, hakuna kuchungulia, mpaka siku ya kutolewa.

Kwa hiyo nikaifungia. Mwaka mzima na zaidi. Hata Mama sikumwonyesha.

"Ambar, nataka nimwone baba yako akitembea tu," alikuwa ananiambia kwenye simu. "Dakika moja."

"Subiri, Mama."

"Nitaangalia peke yangu chumbani, mlango nimefunga."

"Wewe, Mama? Ukiiona wewe asubuhi, adhuhuri kijiji kizima kimeiona. Subiri."

Akasubiri.

Halafu kuna Mas Kirno. Mas ni kaka; si ndugu wa damu, lakini amenizidi miaka saba na ndiye aliyenifundisha kushika kamera. Ana pikapu ya bluu, projekta, spika mbili na kitambaa cheupe. Anazunguka vijijini kuonyesha filamu fupi, kwenye kumbi, mashuleni, kwenye viwanja vya voliboli. Wenyewe tunaita layar tancap. Watengenezaji kutoka kona zote za Java tunampa filamu zetu bure, maana ndiye anayezifikisha kwa watu ambao hawatakanyaga tamasha maisha yao yote.

Hana mkataba na mtu. Ana neno lake tu, na kautaratibu kake. Filamu ikiisha anageuza kompyuta iwaelekee watazamaji, anaifuta nakala mbele yao.

"Shahidi ni nyinyi!" anasema, na watu wanapiga makofi.

Siku ya mazishi alibeba jeneza la Baba upande wa mbele. Ndiye niliyempa nakala kabla sijasafiri, ili kijiji nacho kiione tamasha likishamaliza. Ukiondoa tamasha lenyewe, duniani hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa nayo.

Mnaelewa sasa? Hakuna mwingine!

Pale pale mlangoni nikampigia.

"Mas Kirno. Umeonyesha filamu?"

"Ee, Mbar! Jana! Watu walijaa mpaka madirishani! Halafu Mama yako..."

"Nilikwambia Ijumaa."

Nikasogea pembeni ya mlango, watu wapite.

"Nilikwambia Ijumaa usiku, Mas. Huku kwanza, halafu nyinyi. Jana ilikuwa Alhamisi."

Upande wake nikasikia kuku na mtu anafagia.

"Mbar... wamekufanya nini?"

"Wamenitoa."

Akavuta pumzi. Nikasubiri ajitetee. Nilitaka ajitetee ili nipate pa kuanzia kumtukana.

"Nimekosa," akasema. "Ni mimi. Pole sana, Mbar."

Jamani, mtu akishasema ni yeye, unatafuta nini tena? Nikakata. Nikambloku.

Mchana msambazaji niliyekuwa na miadi naye alituma ujumbe wa mistari miwili. Miadi imefutwa, kila la heri. Nikakaa kwenye kitanda cha hoteli, nikafungua ukurasa wangu, nikaandika.

Wengi wenu mliisoma. "MWIZI WA FILAMU ANA JINA." Nikaweka jina, nikaweka picha, nikaweka pikapu mpaka namba zake. Niliandika kama ninayejaza fomu ya benki. Nikalala saa kumi na moja mfululizo.

Nilipoamka, posti ilikuwa imesheawa mara elfu tisa.

"Watu kama hawa ndio wanaoua filamu zetu!!"

"Nilikuwa nampa zangu. Kuanzia leo basi."

"Sura yake tu inaonyesha..."

Sura yake tu! Mtu hujawahi hata kumwona.

Ndani ya wiki mbili watengenezaji zaidi ya arobaini walitangaza kwamba Kirno asiguse kazi zao. Shule zikafuta ratiba. Ukumbi mmoja ukaandika mlangoni kwamba hapokelewi. Nilikuwa nasoma yote hayo huku nakula tambi za kikombe. Sikufurahi, sikuumia. Ni kama nilikuwa nasoma habari za nchi ya mbali.

Kirno hakujibu hata neno moja.

Watu wakasema, mnaona? Angekuwa hana hatia angesema. Nami nikasema hivyo hivyo.

Baada ya mwezi nikarudi kijijini.

Mama alinipokea kwa chai ya moto na mendoan za soya zilizotoka kwenye mafuta sasa hivi. Habari za tamasha hakuuliza.

"Umekonda," akasema. "Kula."

Nikala.

"Tuliiangalia mara tatu," akaanza mwenyewe. "Ilipoisha watu wakagoma kutoka. Fupi mno hii, rudia! Kirno akarudia. Halafu Lik Darsun, yule mgema mwenzake, akadai baba yako kafunga vibaya kamba ya mtungi wa utomvu. Ukumbi mzima ukabishana! Ikabidi irudiwe tena wapate kuamua."

"Nani alikuwa sahihi?"

"Baba yako."

Akacheka. Mimi nikawa natazama sahani.

"Na huyu Yuli wako akarusha kwenye simu," akaendelea. "Eti watu wa Ulaya waone na sisi tumeona. Kirno huwa anakataza simu, lakini siku hiyo akasema acheni, filamu imeshatoka."

Yuli ni binti wa mjomba. Kumbe alitutangaza kwa fahari!

"Mama, haikuwa imetoka. Kirno aliiwahisha siku. Mimi nilisema Ijumaa."

"Ndiyo. Ikawa usiku wa Ijumaa, kisomo cha Yasini kilipoisha. Kama ulivyosema."

"Sikusema usiku wa Ijumaa, Mama! Nilisema Ijumaa usiku!"

Mama akanitazama kama anavyomtazama mtu mwenye homa.

"Sauti yako nimeisikia kwa masikio yangu. Kirno alinisikilizisha kwenye simu. 'Waonyesheni usiku wa Ijumaa.' Mimi nikasema mtoto amefikiri vizuri, maana watu watakuwa wameshakusanyika kwenye kisomo."

Wadau...

Kwetu siku inaanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi magharibi ikishaingia, usiku wa kusoma Yasini, mtoto wa miaka mitano anaujua. Ukitaka ule wa baadaye, unasema Ijumaa usiku. Maneno ni yale yale mawili, ukiyageuza tu umehama siku nzima.

Nikatoka nyuma, kwenye banda la kuchemshia sukari. Nikamtoa Kirno kwenye bloku. Mazungumzo yetu yalikuwa pale pale.

Voisi yangu ya Jumatano. Dakika moja na sekunde arobaini.

Nikabonyeza.

"Mas Kirno, mimi nimefika salama. Ratiba ya tamasha ninayo hapa mkononi. Nyinyi waonyesheni usiku wa Ijumaa, huku itakuwa imeshaonyeshwa..."

Nilikuwa sijalala siku mbili. Ratiba ilikuwa ya Kizungu, ambako usiku unafuata mchana wake, nami nikahesabu hivyo hivyo kama mgeni anayejifunza lugha yetu. Nimezaliwa nikisikia usiku wa Ijumaa kila wiki!

Chini yake Kirno alikuwa ameandika: "Usiku wa Ijumaa baada ya Yasini. Sawa, Mbar?"

Nami nilikuwa nimejibu kidole gumba.

Kidole gumba!!

Na voisi ilikuwa bado inaendelea. Nilishasahau kama niliongea zaidi ya hapo.

"...halafu Mas, usihangaike na maelezo mengi. Wale hawataielewa. Watataka tu kumwona Baba juu ya mnazi, watakula karanga, watauliza mbona fupi. Hata Mama. Hasa Mama. Kusema kweli sikuwatengenezea wao, nimewatengenezea watu wanaojua kutazama. Waonyeshe tu ili Mama aache kunisumbua."

Mwishoni nilicheka kidogo. Nikairudia. Kicheko kilikuwa changu kweli.

Nilimkuta Kirno kando ya barabara kubwa, anapakia viti vya plastiki vya harusi kwenye ile pikapu. Projekta haikuwemo. Kitambaa chake cheupe kilikuwa kimefunika viti visipate vumbi.

"Mas."

"Eh, Mbar. Umerudi." Akaendelea kupanga viti.

"Voisi yangu unayo. Mwezi mzima ulikuwa nayo!"

"Ninayo."

"Kwa nini hukuirusha? Sekunde kumi tu, Mas! Ningechekwa mimi!"

"Niirushe yote?"

"Ungeikata pale mwanzo."

"Wewe ndiye mhariri," akasema. "Ukiona kipande kimekatwa, unauliza nini?"

Akainua kiti kingine.

"Unauliza kilichobaki kiko wapi. Na wao wangeuliza. Huku kila mtu ana simu, Mbar. Mama yako wiki ile alikuwa anaimba akichota maji, sijamsikia hivyo tangu mazishi. Nikaona basi. Viti navyo vinabebeka."

"Lakini ulisema ni wewe. Siku ile kwenye simu."

"Uliposema Ijumaa usiku ndipo nilipoelewa. Nami nilitakiwa kukuuliza tarehe." Akajifuta jasho. "Nilidhani saa za huko zinatangulia, kumbe zinafuata."

Akacheka. Mtu niliyemwita mwizi mbele ya nchi nzima, amesimama na viti vya kukodisha, anacheka!

"Naiweka mtandaoni," nikasema. "Yote."

Hapo akaacha kucheka.

"Usifanye hivyo."

"Nikiandika maneno matupu watasema umenitisha. Hawataamini bila voisi."

"Mbar. Mama yako."

Nilimwelewa. Ili Kirno apate jina lake, Mama lazima anisikie. Nilitembea mpaka nyumbani nikitafuta njia nyingine, sikuiona.

Mama alikuwa barazani anafunga sukari kwa majani makavu ya mgomba.

"Mama, kuna kitu nataka ukisikie kwangu kabla hujakisikia kwa watu."

Nikaweka simu mkekani. Nikabonyeza.

Sauti yangu ikaanza kuongea. Mama hakuinua uso. Anachukua bonge la sukari, anakunja jani, anakaza fundo. Ikafika kwenye karanga. Ikafika kwenye "hata Mama". Ikafika kwenye "hasa Mama". Mikono yake haikusimama.

Ikaisha.

"Mama..."

"Nilishaisikia," akasema.

"Ile ya mwanzo najua, Kirno alikusikilizisha..."

"Yote. Kirno alienda kutundika kitambaa, simu akaiacha mezani. Nikasema ngoja nisikie tena sauti ya mwanangu. Nikabonyeza." Akakaza fundo jingine. "Kirno hajui. Usimwambie, atajisikia vibaya."

"Kwa hiyo ulijua... kabla ya filamu?"

"Kabla."

"Na ukakaa ukaiangalia?"

"Nilihama. Nilikuwa nimekaa nyuma, kwa ajili ya hiki kiuno changu. Nikaenda mbele kabisa, karibu niguse kitambaa. Nikasema leo nataka nikione hicho kitu nisichoweza kukielewa."

"Halafu?"

Mama akaweka sukari chini. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nikae.

"Alishuka vizuri baba yako," akasema. "Mara zote tatu alishuka."

Jamani, nimeihariri filamu ile miezi saba. Nimebishana na mafundi kuhusu mwanga, kuhusu ukimya, kuhusu picha ya mwisho ikatwe sekunde gani. Mambo hayo hayo nilikuwa nimeyaandalia majibu niwape wale wataalamu wa ng'ambo. Na picha ya mwisho ni miguu ya Baba inagusa ardhi.

Sikuwahi kuiona. Niliikata mimi mwenyewe na sikuwahi kuiona.

Nilisogea nikakaa karibu na Mama, nikachukua jani, nikaanza kufunga sukari. Nafunga vibaya. Akanifungulia, akafunga upya. Tukafunga mpaka adhana ya alasiri.

Voisi nimeiweka hapo chini. Dakika moja na sekunde arobaini, haijakatwa popote. Mama ameniruhusu, hata lile alilotaka Kirno asilijue. Kirno bado hataki, ila safari hii sikumwomba ruhusa.

Kirno hakuiba kitu. Alifanya nilichomwambia, siku niliyomwambia, kisha akauza jina lake ili mama yangu asiumie kwa maneno yangu, bila kujua kwamba Mama alishaumia na kunyamaza. Wote wawili walinifichia. Mimi peke yangu ndiye niliyeongea.

Mliomfutia ratiba, mrudishieni. Mlioshea ile posti, sheeni na hii, hata kama haina utamu wa ile. Mliosema sura yake tu inaonyesha, na mimi mmoja wenu.

Nilichojifunza ni hiki. Ukikasirika mpaka ukataka kuandika jina la mtu, kwanza rudi ukasikilize ulichosema wewe, na usiishie pale panapokufaa. Sikiliza mpaka mwisho. Mimi sikusikiliza, na gari la mtu limebeba viti mwezi mzima.

Filamu haijachukuliwa na tamasha lingine, na sijaituma. Jana nimempa Kirno nakala mpya akaionyeshe kijiji cha pili, wameomba wenyewe. Ameniuliza siku gani.

Nimemwandikia tarehe, kwa namba.